Mgeni wa Porlock

Akili ya mwanafunzi ina adui wengi, lakini adui alaumiwaye kuliko wote ni yule abishaye hodi. Muulize kijana kwa nini insha yake imekomea njiani, atakujibu kuwa alikuwa akiandika vizuri, maneno yakimjia moja baada ya jingine, mara akaitwa atumwe dukani, au mtoto akaamka akilia, au jirani akafungulia redio, au simu ikalia. Na aliporudi mezani alikuta kichwa kitupu. Malalamiko haya ni ya kweli mara nyingi, nami sikusudii kuyacheka. Nakusudia kuuliza kama ndiyo habari nzima.

Ziko habari mbili za waandishi wawili waliokatizwa kazini, ambazo zafaa kuwekwa katika mizani moja. Ya kwanza yatoka Uingereza. Ni maarufu duniani, na imekuwa kama wakili wa kila mtu aachaye kazi katikati. Ya pili yatoka hapa kwetu Kenya, katika gereza la Kamiti. Jambo lenyewe si dogo. Kijana asomaye kwa koroboi katika chumba kimoja pamoja na ndugu watano, akiiamini habari ya kwanza bila ya kuipima, aweza kukata shauri kwamba kubuni na kutunga ni kazi ya watu wenye nyumba za faragha, wala si kazi yake. Shauri hilo lingekuwa hasara kwake, na hasara kwa nchi yake.

Samuel Taylor Coleridge alizaliwa mwaka 1772, akafariki mwaka 1834. Katika mwaka 1816 alitoa kitabu kidogo cha mashairi, na ndani yake mlikuwa na shairi liitwalo Kubla Khan, lenye mistari 54 tu. Mbele ya shairi hilo aliweka dibaji, na dibaji hiyo yasimulia hivi. Katika mwaka 1797 mshairi alikuwa mgonjwa, akajitenga katika nyumba ya shamba iliyo mbali na watu, karibu na kijiji cha Porlock, kusini-magharibi ya Uingereza. Alikunywa dawa ya kutuliza maumivu, akasinzia kitini huku akisoma kitabu cha kale kilichotaja kasri ya Kubla Khan, mfalme wa Wamongolia aliyetawala Uchina. Alilala muda wa saa tatu hivi. Katika usingizi huo, asema, alitunga mistari isiyopungua mia mbili au mia tatu bila ya jitihada yoyote; picha zilimsimamia mbele ya macho, na maneno yake yakaja pamoja nazo. Alipoamka alishika kalamu akaanza kuandika kwa haraka. Hapo ndipo alipotokea mtu mmoja kutoka Porlock, aliyekuja kwa shughuli, akamzuia kwa muda uliozidi saa moja. Mshairi aliporudi chumbani, yale yaliyosalia yalikuwa yametoweka, isipokuwa mistari minane au kumi iliyotawanyika na kumbukumbu hafifu ya njozi.

Tangu hapo mtu wa Porlock amekuwa kama methali kwa Waingereza. Kila aingiaye kwa mwandishi wakati usiofaa hufananishwa naye. Hana jina, hana sura, wala hatuambiwi shughuli yake ilikuwa nini. Lakini amebebeshwa lawama kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mtu aliyehukumiwa bila ya kusikilizwa astahili kusikilizwa angalau mara moja, hata kama kesi imechelewa.

Shahidi wa kwanza wa kumtetea ni mkono wa mshairi mwenyewe. Iko nakala ya Kubla Khan aliyoiandika Coleridge kwa kalamu yake, iitwayo Nakala ya Crewe, nayo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Mwishoni mwa nakala hiyo ameandika maelezo mafupi juu ya jinsi shairi lilivyotungwa. Ametaja nyumba ya shamba, ametaja ugonjwa, ametaja na afyuni aliyoitumia kuuzuia. Mgeni hakumtaja. Kutomtaja hakuthibitishi kwamba hakuja, kwa maana mtu aweza kuacha jambo kwa ajili ya ufupi. Lakini ni ajabu mwizi wa mistari mia mbili kusahauliwa na mwenye mali.

Shahidi wa pili ni hesabu ya miaka. Toka 1797 hata 1816 ni miaka 19. Katika dibaji hiyo hiyo Coleridge akiri kwamba mara nyingi alikusudia kulimaliza shairi kwa yale aliyoyakumbuka, lakini kesho aliyoingoja ilikuwa haijafika. Basi na tuulize: ikiwa mtu wa Porlock aliiba saa moja, ni nani aliyeiba miaka 19? Tena katika kitabu kile kile mna shairi jingine, Christabel, refu kuliko hili, ambalo nalo halikumalizwa. Huko hakuna mgeni aliyebisha hodi. Alipoeleza kwa nini Christabel lilichelewa kutoka, mshairi alisema kwa unyofu kuwa alaumiwe uvivu wake mwenyewe. Ungamo hilo lampa heshima. Lakini lampunguzia mtu wa Porlock mzigo wake pia.

Shahidi wa tatu ndiye mkubwa, naye ni shairi lenyewe. Sehemu yake ya kwanza yaeleza kasri ya mfalme, bustani zake, na mto upitao chini ya ardhi. Sehemu ya mwisho yageuka ghafula. Mshairi amkumbuka binti wa Kihabeshi aliyemwona katika njozi akipiga kinanda na kuimba, na atamani kuufufua wimbo ule ndani ya nafsi yake. Kwani kama angeweza, angeijenga kasri ile hewani kwa nguvu ya wimbo tu. Liangalie neno kama. Atamkaye hivyo amekwisha kujua kuwa wimbo umempotea. Kupotea kwa njozi, basi, si ajali iliyolipata shairi kutoka nje ya mlango. Kumo ndani ya shairi, na ndiko kunakolipa huzuni yake na utamu wake. Baadhi ya wahakiki husema kuwa Kubla Khan ni shairi zima wala si kipande, nami naafikiana nao. Lau mgeni alikuja, alikuja shairi likiwa karibu na mwisho wake, na mshairi alimwona kama mwizi kwa sababu hakujua kuwa ghala lilikuwa tupu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa kukatizwa hakudhuru. Kwadhuru sana. Mtafiti aitwaye Sophie Leroy alionyesha katika uchunguzi alioutoa mwaka 2009 kwamba mtu atokaye katika kazi moja kwenda nyingine huacha nyuma sehemu ya fikira zake, hasa ikiwa kazi ya kwanza haikwisha, naye huishika kazi ya pili kwa akili iliyopungua. Wazee wetu walilijua jambo hili waliponena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Neno langu ni kwamba kosa la mgeni lina mpaka. Aweza kuchukua saa. Hawezi kuchukua kazi, isipokuwa kazi ya mtu asiyekuwa na njia ya kuirudia. Coleridge aliyapokea maneno yake kama zawadi, akayaweka kichwani peke yake, na mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya kufika Kamiti, tusimame kidogo kwa jirani zetu wa Tanga, kwa Shaaban Robert. Mwandishi huyu aliyeishi toka 1909 hata 1962 hakuwa na nyumba ya faragha iliyomngoja. Aliingia kazini katika idara ya forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika utumishi wa serikali, akihamishwa kutoka idara hata idara. Mchana wake ulikuwa wa mwajiri. Hata hivyo Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Shughuli iliyomjia Coleridge ilikaa saa moja ikaondoka. Kwa Shaaban Robert shughuli ilikaa kila siku ya kazi, na vitabu vikaandikwa. Twajifunza hapa kwamba saa chache zilizogawiwa kwa utaratibu zaweza kuzaa kuliko siku nyingi za uhuru zisizokuwa na mpango.

Sasa tuitazame habari ya pili. Mwishoni mwa Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa usiku nyumbani kwake, akawekwa kizuizini Kamiti bila ya kushtakiwa wala kuhukumiwa. Alikaa huko hata tarehe 12 Desemba 1978. Ndani ya chumba chake aliandika riwaya kwa Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980. Hakuwa na daftari. Aliandika juu ya karatasi za chooni, ambazo kwa ugumu wake hazikufaa mwili, lakini zilifaa kalamu. Habari za maandishi hayo amezieleza katika kitabu chake cha kumbukumbu, Detained, kilichotoka mwaka 1981.

Mwanzo wa kitabu hicho ndio wafaa kusomwa na kila mwanafunzi pamoja na dibaji ya Coleridge. Mwandishi ameketi usiku katika chumba namba 16, akiandika. Mlinzi amchungulia kupitia kwenye nondo za mlango, na amwuliza kwa nini hajalala. Huyu ndiye mtu wa Porlock wa Kamiti. Tena ni mgeni mzito kuliko yule wa kwanza, kwa sababu haji mara moja kwa shughuli akaenda zake. Kazi yake yote ni kuchungulia. Mwandishi afanyaje? Amjibu kwa maneno ya utani, wakaingia katika mazungumzo, na mazungumzo yale yakawa ndiyo mlango wa kitabu. Aliyekuja kukatiza maandishi ameandikwa ndani ya maandishi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Siku moja walinzi walifanya upekuzi wa ghafula, wakaikuta riwaya iliyokuwa karibu kwisha, wakaichukua yote. Hapa hapana saa moja iliyopotea. Zimepotea kazi za miezi mingi, tena mbele ya macho ya mwenyewe. Mwandishi hafichi kwamba moyo ulimwanguka. Kisha asimulia shauri alilolikata: kama karatasi zake hazitarudi, ataanza upya, ataandika baina ya mistari ya vitabu vingine alivyokuwa navyo, na ikibidi ataomba Biblia kadhaa kwa kasisi wa gereza ili apate nafasi ya kuandikia. Alijua kuwa riwaya hiyo ya pili haingekuwa ile ile, wala hilo halikumzuia. Baada ya majuma matatu mkuu wa gereza alimrudishia karatasi zake, akasema hakuona ubaya ndani yake.

Linganisha, msomaji, mambo haya mawili. Coleridge alitaka kilichopotea kirudi kama kilivyokuwa, na kwa kuwa hakikurudi hivyo, alingoja miaka 19. Ngũgĩ alikubali kwamba kilichopotea hakirudi kama kilivyokuwa, na kwa kuwa alikubali, alikuwa tayari kuanza kesho yake. Mmoja aliutumaini msukumo, na msukumo ni mgeni kuliko hata mtu wa Porlock: huja bila ya kualikwa na kuondoka bila ya kuaga. Mwingine aliitumaini desturi ya kila siku, na desturi ni mwenyeji.

Yuko atakayenipinga, na upinzani wake una nguvu. Atasema kuwa gereza ndilo lililomkatia Ngũgĩ kelele za dunia. Hapakuwa na mikutano, wala wageni, wala safari. Kwa hiyo mfano wangu wathibitisha kinyume cha maneno yangu, kwamba mwandishi huhitaji upweke. Nakubali kwamba upweke ulikuwako. Lakini upweke ule haukuwa utulivu. Mtu aliyetengwa na mkewe na watoto wake, asiyejua siku ya kutoka, ana kelele nyingi moyoni kuliko aliye sokoni. Wala isidhaniwe kuwa nalisifu gereza au shida. Watu wengi waliofungwa bila ya haki hawakuandika kitabu, na hapana apaswaye kuwalaumu. Shida haizai vitabu, huzuia vingi. Ninachokisifu ni mkono uliorudi kwenye karatasi hata pale ambapo palikuwa na kila sababu ya kutorudi.

Mhakiki sharti atoe haki pande zote. Detained si kitabu kisicho na kasoro. Mara nyingi mwandishi huacha kisa chake akaingia katika mabishano ya siasa kwa kurasa nyingi, na msomaji kijana aweza kuchoka kabla ya kurudishwa chumbani namba 16. Kwa upande mwingine, Kubla Khan ni johari. Mistari yake 54 yaweza kudumu kuliko vitabu vinene vya watu waliomaliza kila walichokianza. Kwa hiyo sisemi kwamba Ngũgĩ ni msanii bora kuliko Coleridge. Nasema kwamba shairi la Coleridge ni zuri na dibaji yake ni shauri baya; nasi tumekuwa na mazoea ya kulisifu shauri kwa sababu ya uzuri wa shairi.

Je, habari hizi zamfaa nini kijana wa leo? Zamfaa kwanza kumtambua mgeni wake. Mtu wa Porlock alikuja kwa miguu yake mwenyewe, bila ya kualikwa. Simu ya mkononi tumeinunua kwa fedha zetu, tukaitia umeme, tukaiweka kando ya daftari, kisha twalalamika kuwa yatubishia hodi. Mgeni tuliyemwita wenyewe twaweza kumweka chumba cha pili mpaka kazi iishe, na asiyefanya hivyo hana ruhusa ya kuikopa hadithi ya Coleridge. Lakini wako wageni wasioweza kufungiwa mlango: mama aitaye kutoka jikoni, ndugu mdogo aliye mgonjwa, kengele ya bweni, taa iliyokwisha mafuta. Hao si adui, wala haifai kuwanunia. Kwa hao dawa si mlango. Dawa ni njia ya kurudia.

Njia hiyo haina siri. Kabla ya kusimama, andika sentensi moja isemayo neno ulilokuwa ukilikusudia, hata kama ni mbovu, ili kesho usikute ukurasa bubu. Weka saa yako, japo nusu saa, uiheshimu kama karani aiheshimuvyo saa ya ofisi. Na urudipo usiutafute moyo uliokuwa nao jana. Shika kazi kwa moyo ulio nao leo. Insha yako haitakuwa ile uliyoiota. Yaweza kuwa bora, yaweza kuwa dhaifu, lakini itakuwako. Na kilichoko chaweza kusahihishwa, ambapo kilichomo kichwani hakisahihishiki.

Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Coleridge alimpa mgeni wake mzigo wa lawama, na mgeni angali ameubeba hata leo. Ngũgĩ, aliyeaga dunia Mei 2025, alimpa wake jembe, na akalima naye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Nawe, kijana, mgeni wako hakosi kuja. Pengine yuko mlangoni sasa hivi. Maliza sentensi uliyoianza, kisha nenda ukamfungulie.